Sitrini ya Asili na Sitrini ya Tanuru

Wasomaji wengi, hasa wale waendao mijini, watakuwa wameona katika maduka ya vito jiwe la manjano lenye ncha nyingi, limewekwa juu ya kitambaa cheusi, likimeta kama asali iliyomiminwa katika bilauri. Jiwe hilo huitwa sitrini. Jina lake latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya limau, nalo lilipewa kwa ajili ya rangi yake. Watu hulinunua kwa pete na mikufu, tena hununua vipande vikubwa visivyochongwa kwa kupamba meza na makabati. Leo nataka kueleza jiwe hili ni kitu gani, lapataje rangi yake, na kwa nini yampasa mnunuzi kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha yake.

Swali hilo mimi nalijifunza kwa hasara. Miaka michache iliyopita, nilipopata malipo ya likizo yangu ya ukarani, nilinunua kishada cha mawe ya manjano kwa mwuzaji mmoja mjini, nikakiweka juu ya meza yangu ya kuandikia. Mwuzaji aliniambia kwamba kimetoka ardhini vile vile nilivyokiona, wala hakikufanywa neno lo lote ila kuoshwa. Nami kwa maneno hayo nikalipa bei ya sitrini ya asili. Baadaye alikuja kunitembelea mzee mmoja, fundi sonara wa siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," akaketi, akakiinua kile kishada, akakigeuza na kulitazama shina lake jeupe.

"Mwanangu," akasema, "ulikinunua kwa jina gani?"

"Kwa jina la sitrini ya asili, mzee."

"Basi umenunua jiwe zuri kwa jina la jiwe jingine. Hili lilikuwa la zambarau, nalo limepita motoni."

Sikumsadiki mara moja. Lakini nilipotafuta habari vitabuni na kuuliza wajuao, niliona kwamba alisema kweli, tena kwamba sehemu kubwa ya mawe yauzwayo duniani kwa jina la sitrini ni ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaandikia wenzangu, ili atakayenunua anunue akijua, na atakayeuza auze kwa jina la haki.

JIWE LENYEWE

Sitrini ni aina moja ya kwatsi. Kwatsi si kitu kigeni kwetu, maana ni miongoni mwa madini yaliyo mengi kabisa katika ardhi. Mchanga wa mito yetu kwa sehemu kubwa ni chembe za kwatsi, na ile mishipa myeupe ipitayo katika miamba ya bara ni kwatsi vile vile. Wachimbaji wa dhahabu waijua sana, kwa sababu dhahabu mara nyingi hukaa katika mishipa hiyo.

Kwatsi imefanywa kwa vitu viwili tu, navyo ni silikoni na oksijeni. Ile iliyo safi haina rangi, nayo yapenya nuru kama kioo. Waarabu huiita ballur, na katika neno hilo ndimo tulimopata neno letu bilauri, ambalo sasa twalitumia kwa chombo cha kunywea. Kwatsi iliyo na rangi ya moshi huitwa kwatsi ya moshi. Iliyo na rangi ya zambarau huitwa amethisto. Na iliyo ya manjano ndiyo sitrini. Basi mawe haya ni ndugu wa tumbo moja, yametengwa na rangi tu.

Kwatsi ikipata nafasi ya kukua polepole, kama vile katika ufa wa mwamba wenye maji ya moto yaliyoyeyusha madini, hufanya umbo la peke yake liitwalo fuwele. Fuwele ya kwatsi ina pande sita kama penseli, na mwisho wake ni ncha iliyochongoka. Hapana fundi aliyeichonga; hujijenga yenyewe tabaka juu ya tabaka. Ukitazama ubavuni mwake kwa makini utaona mistari myembamba ikikata upande kwa upande, wala haifuati urefu wa fuwele. Ni jiwe gumu: katika kipimo cha Mohs chenye daraja 10, ambamo almasi ni ya 10, kwatsi ni ya 7. Hukwaruza kioo cha dirisha, na kisu cha kawaida hakiwezi kuikwaruza.

RANGI YATOKA WAPI

Rangi ya mawe haya hutokana na vitu vigeni vilivyoingia kidogo sana wakati fuwele ilipokuwa ikikua. Katika amethisto, kitu hicho ni chuma. Chuma hicho, pamoja na mionzi itokayo kwa madini mengine yaliyomo miambani, hulipa jiwe rangi ya zambarau baada ya muda mrefu usiohesabika kwa miaka ya binadamu. Katika kwatsi ya moshi, kazi hiyo hufanywa na alumini pamoja na mionzi ile ile. Sitrini nyingi za asili zakaribiana na kwatsi ya moshi kwa namna zilivyopata rangi yao, na ndiyo sababu manjano yake aghalabu huwa hafifu, yenye kuelekea moshi kidogo, kama chai nyepesi isiyotiwa maziwa.

Lakini mambo yote yatakiwayo ili kwatsi iwe ya manjano ni nadra kukutana mahali pamoja. Kwa hiyo sitrini ya asili ni haba ikilinganishwa na kwatsi nyeupe, au ya moshi, au amethisto. Hupatikana Brazili, Madagaska, Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nchi nyingine kadha wa kadha. Katika Uskoti, milima ya Cairngorms ilitoa kwatsi ya manjano na ya moshi, na watu wa huko wakaitia katika bizimu za mavazi yao. Katika Bolivia kuna mgodi uitwao Anahí, nao watoa fuwele ambazo sehemu moja ni ya zambarau na sehemu nyingine ni ya manjano katika jiwe lilo hilo moja. Jiwe hilo huitwa ametrini, kwa kuyaunganisha majina mawili.

KAZI YA MOTO

Sasa tufike kwenye tanuru. Amethisto ikitiwa katika moto wa nyuzi 450 hivi za sentigredi, au zaidi kidogo, ile zambarau hutoweka. Katika amethisto nyingi chuma kilichomo hugeuka kuwa chembe ndogo mno zilizo kama kutu, na jiwe huwa la manjano, au la rangi ya chungwa, au hata jekundu lenye kahawia. Si kila amethisto hutii hivyo: nyingine hupauka zikawa nyeupe, na chache hugeuka kijani.

Kusini mwa Brazili, katika jimbo la Rio Grande do Sul, na ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Uruguay, kuna amethisto nyingi sana. Nchi hizo zilifunikwa zamani na miamba iliyotoka chini ya ardhi ikiwa imeyeyuka kwa moto. Mwamba ulipopoa, mapovu ya hewa yaliyokuwamo yaliacha mashimo kama matundu ya mkate, na ndani ya mashimo hayo fuwele zikaota zikielekeza ncha zao katikati. Mengine ni madogo kama nazi, na mengine ni makubwa hata mtu aweza kusimama ndani yake. Katika karne ya 19 Wajerumani kutoka upande wa Idar-Oberstein, mji uliosifika kwa kukata vito, walihamia Brazili, wakaanza kupeleka mawe ya huko katika mji wao. Biashara ya sitrini ya tanuru imejengwa juu ya amethisto za nchi hizo mbili.

Mwingine atasema, "Basi kuchoma jiwe ni udanganyifu." La, sivyo. Tuchukue mfano wa kwetu. Tanzaniti, kito kilichogunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa sehemu kubwa hutoka ardhini kikiwa na rangi ya kahawia, na ni moto unaokipa ile buluu ipendwayo na ulimwengu wote. Hapana amwitaye mwuzaji wa tanzaniti mwongo kwa ajili hiyo, kwa sababu jambo hilo lajulikana na wauzao na wanunuao. Vivyo hivyo sitrini ya tanuru ni kwatsi ya kweli, rangi yake haichujuki kwa kuoshwa, na pete yake hudumu kama pete nyingine. Kosa laingia pale mwuzaji ajuaye kwamba jiwe limechomwa anapomwambia mnunuzi kwamba ni la asili, akatoza bei ya kile kilicho haba kwa kitu kilicho tele. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na katika biashara ya vito hukoma siku ile mteja anapokutana na ajuaye.

NAMNA YA KUTAMBUA

Mtu asiye na vyombo vya kitaalamu aweza kuangalia mambo haya:

1. Umbo. Sitrini ya asili aghalabu huwa fuwele moja moja, ndefu, yenye mbavu sita zilizo wazi na ncha moja. Kishada chenye ncha fupi nyingi zilizobanana juu ya shina jeupe, kama punje za muhindi juu ya gunzi, karibu siku zote ni amethisto iliyochomwa.

2. Mtandao wa rangi. Katika ya asili rangi aghalabu huenea kwa utulivu tangu shinani hata nchani. Katika iliyochomwa, ncha huwa na rangi kali ya chungwa au ya kahawia, kama ukingo wa mkate ulioungua, na shina hubaki jeupe kama chaki.

3. Ukali wa rangi. Manjano hafifu yenye moshi ni dalili njema. Rangi ya chungwa iliyokolea au wekundu ni dalili ya tanuru.

4. Kioo. Wako wauzao kioo cha manjano. Kioo huweza kuwa na mapovu madogo ndani, na kingo zake kama zimeyeyuka kidogo. Ukikigusa shavuni si baridi kama kwatsi, na fuwele ya kwatsi yaweza kukikwaruza.

5. Uzito. Kipimo hiki chafaa kwa fuwele moja isiyoshikamana na mwamba. Lipime jiwe katika mzani, kisha lifunge uzi, lipime tena likiwa limening'inia ndani ya maji. Toa hesabu ya pili katika ya kwanza, halafu ugawanye ile ya kwanza kwa baki. Mathalan, jiwe likiwa na gramu 265 hewani na gramu 165 majini, baki ni 100, na jawabu ni 2.65, ambayo ndiyo hesabu ya kwatsi. Topazi, kito kingine cha manjano kilicho ghali zaidi, hutoa karibu 3.5. Lakini vioo vingine hukaribia kwatsi, kwa hiyo usitegemee mzani peke yake.

Tena ieleweke kwamba mzani hautatenga ya asili na ya tanuru, kwa sababu zote mbili ni kwatsi. Siku hizi kuna pia kwatsi iliyokuzwa na watu viwandani, ambayo nayo yaweza kutiwa rangi ya manjano. Kama bei ni kubwa, hapana budi kulipeleka jiwe kwa mtaalamu mwenye vyombo vya kupimia vito, na kudai hati ya mauzo iliyoandikwa wazi kama jiwe ni la asili au limechomwa. Mwuzaji mwaminifu hatakataa kuandika alichokisema kwa kinywa.

Na majina nayo yatazamwe. Zamani maduka mengi yaliiita sitrini "topazi ya Madeira" au "topazi ya dhahabu", ijapokuwa si topazi hata kidogo. Mkanganyiko huu ulisaidiwa na desturi ya kugawa vito kwa miezi ya kuzaliwa. Mwezi wa Novemba ulikuwa wa topazi katika orodha iliyotolewa na masonara wa Marekani mwaka 1912, na mwaka 1952 sitrini ikaongezwa kando yake. Basi ukisikia topazi yenye jina la pili nyuma yake, uliza mara mbili.

KULIWEKA NA KULITUNZA

Fuwele ya sitrini, iwe ya asili au ya tanuru, ni pambo zuri la nyumba. Ipendeze zaidi, iweke mahali ambapo nuru huingia kwa nyuma au kwa ubavu, kwa maana hapo ndipo manjano yake huonekana mpaka ndani. Fuwele ndefu yataka kiti cha mti kilichochimbwa sawa na shina lake, isije ikaanguka. Kwatsi ni ngumu, lakini ikipigwa huvunjika kama chupa. Usiiweke karibu na jiko, wala usiitie katika maji ya moto ghafula. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa brashi laini. Na kama umenunua kwatsi iliyochongwa mviringo kama mpira, usiiache dirishani penye jua, maana hukusanya mionzi ya jua mahali pamoja na yaweza kuwasha kitambaa au karatasi.

Jambo moja husahauliwa na wengi, nalo ni kibandiko. Andika katika karatasi ndogo jina la jiwe, mahali lilipochimbwa, tarehe uliyolipata, na kama limechomwa au la. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fuwele iliyo na habari za mahali ilipotoka hupendwa na watu wa makumbusho na wakusanyaji, hali iliyo sawa nayo isiyo na habari ni pambo tu.

Wako pia wasemao kwamba sitrini ni jiwe la wafanyabiashara, na kwamba ikiwekwa dukani huvuta fedha. Mimi nimekaa na kishada changu mwaka wa pili sasa, na mshahara wangu haujaongezeka kwa ajili yake. Fedha iliyokwenda kwa hakika ni ile niliyomlipa mwuzaji. Mtu na anunue jiwe kwa uzuri wake, wala asilipe senti moja zaidi kwa ahadi ya namna hiyo.

KWA WALE WAOKOTAO MAWE

Huenda msomaji wa shamba akaona fuwele katika udongo alimapo. Asiipige nyundo ili kuona ndani, kwa sababu fuwele nzima yenye ncha yake ina thamani kuliko vipande kumi vya hiyo hiyo. Wala asijaribu kuichoma katika moto wa jikoni. Kwatsi ipatapo moto wa nyuzi 573 hubadilika umbo lake la ndani na kuvimba ghafula, na ikipashwa au kupozwa kwa haraka hupasuka.

Akitaka kuchimba na kuuza, yampasa kwanza kuuliza ofisi ya madini iliyo karibu. Katika Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010, madini yaliyo ardhini ni mali ya Taifa, hata kama shamba ni la mtu, na anayechimba sharti awe na leseni. Ipo leseni ya uchimbaji mdogo kwa wananchi. Na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, ambako mtu huuza hadharani badala ya kunong'onezana na mlanguzi njiani. Akataye au asagaye kwatsi na atie maji wakati wote wa kazi, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa wa kifua usiopona.

Kile kishada changu bado kiko mezani, nami nakipenda kama siku ile ya kwanza. Lakini nimekibandika karatasi iliyoandikwa hivi: "Amethisto iliyochomwa, yauzwa kwa jina la sitrini." Wageni wakikisifu, huwasomea karatasi hiyo kwanza, kisha nawaachia wakitazame.